Si Kila Kilele cha Kaboni ni Grafini

Spektrometa ya Raman, chombo kinachotambua dutu kwa kuimulika kwa leza, imepungua umbo. Chombo ambacho zamani kilijaza meza nzima ya maabara leo kinashikwa kwa mkono mmoja, kinaelekezwa kwenye chupa au mfuko, na baada ya sekunde chache skrini yake inaandika jina la dutu pamoja na namba ya ulinganifu: 0.97, 0.94, 0.88. Maafisa wa forodha wanakitumia kutambua dawa za kulevya, viwanda vya dawa vinahakiki nacho malighafi zinapoingia ghalani, na kwa kazi hizo kimejijengea heshima inayostahili. Sasa heshima hiyo hiyo inahamishiwa kwenye unga mweusi unaouzwa kwa jina la grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja. Muuzaji anaambatanisha mchoro mmoja wa Raman kwenye nyaraka zake, mnunuzi anaelekeza kifaa chake na kupata jina lile lile, na wote wawili wanaona hakuna tena cha kubishania.

Hoja yangu ni kwamba spektroskopia ya Raman ndiyo mbinu bora kuliko zote tulizonazo za kuichunguza grafini kwa haraka, na hiyo ndiyo sababu inaudhi kuiona ikigeuzwa muhuri wa ndiyo au hapana. Ikikutana na kaboni, Raman haitaji jina la kitu. Inaeleza hali yake: atomu zimepangika kiasi gani, zimevutwa au zimebanwa, zina chaji ya ziada au hazina, matabaka yamelaliana vipi. Anayeiuliza maswali hayo hupata majibu ambayo vyombo vya gharama kubwa zaidi haviyatoi kwa wepesi ule. Anayeiuliza tu kama kitu hiki ni grafini, kisha akaridhika na mchoro mmoja, ameuliza swali lisilo lake, na jibu atakalopewa litakuwa na sura ya sayansi bila uzito wake.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Tarehe 28 Februari 1928, mjini Kolkata, C. V. Raman akishirikiana na K. S. Krishnan aliona kwamba mwanga wa rangi moja ukipita ndani ya kimiminika, sehemu ndogo mno ya mwanga huo hutawanyika ikiwa imebadilika rangi. Landsberg na Mandelstam waliliona jambo hilo hilo kwenye fuwele mjini Moscow mwaka ule ule, ingawa Nobel ya Fizikia ya mwaka 1930 ilimwendea Raman peke yake. Kinachotokea ni hiki: fotoni, yaani chembe ya mwanga, inapopita kwenye dutu huweza kuiachia sehemu ya nishati yake katika mtetemo wa atomu, ikatoka imepungukiwa kiasi kile kile. Upungufu huo hupimwa kwa cm⁻¹, na kwa kuwa kila mpangilio wa atomu una mitetemo yake, orodha ya upungufu huonyesha ni vifungo gani vimo ndani. Tukio lenyewe ni adimu sana, fotoni moja katika mamilioni, ndiyo maana mbinu hii ilisubiri leza za miaka ya 1960 kabla ya kuwa kazi ya kila siku.

Kwa mantiki hiyo, grafini ilipaswa kuwa kitu cha mwisho kuonekana kwa Raman. Ni tabaka moja la atomu za kaboni zilizojipanga kwa pembesita, unene wa atomu moja tu. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliitenga kutoka kwenye grafiti, kaboni ya matabaka mengi kama ya penseli, kwa mkanda wa kunata, wakaitangaza mwaka 2004, na mwaka 2010 wakapewa Nobel. Kwenye kitu chembamba hivyo, mwanga ungegonga atomu ngapi? Lakini elektroni za grafini hazina pengo la nishati la kuruka. Leza ya rangi yoyote inayoonekana kwa macho, iwe ya bluu, ya kijani au nyekundu, hukuta pale hali halisi za nishati za kuipokea. Tabaka hilo moja hufyonza kama asilimia 2.3 ya mwanga unaoliangukia, na mtawanyiko wake wa Raman hukuzwa na rezonansi (kuoana kwa nishati ya leza na ile ya elektroni) ambayo kwenye dutu nyingine hupatikana kwa bahati ya kuchagua leza inayofaa. Grafini inapiga kelele kuliko ukubwa wake. Ukarimu huo wa ishara ndio uliowavuta wanafizikia, na nadhani ndio pia uliowalevya wengine.

Ishara zenyewe, yaani vilele ambapo mstari wa mchoro hupanda, ni chache. Kuna kilele kinachoitwa G, karibu na 1580 cm⁻¹, kinachotokana na atomu jirani za kaboni kutetema kila moja ikielekea upande tofauti na mwenzake ndani ya bapa. Kuna D, karibu na 1350 cm⁻¹ kwa leza ya kijani, ambacho hakitokei kwenye fuwele kamili. Mtetemo wake humsukuma elektroni kutoka eneo moja la mwendo hadi jingine la mbali, na lazima kuwe na kasoro ya kumrudisha alikotoka: atomu iliyokosekana, ukingo, au kitu kilichojipachika. Kisha kuna 2D, karibu na 2700 cm⁻¹, ambacho ni mitetemo miwili ya namna ya D ikitokea kwa pamoja na kwa mielekeo inayopingana. Kwa kuwa mwendo wa mmoja unafuta wa mwenzake, 2D haihitaji kasoro yoyote. Hujitokeza hata kwenye grafini safi kabisa, na mara nyingi humo huwa kirefu kuliko G.

Mwaka 2006 Andrea Ferrari wa Cambridge na wenzake walionyesha kwamba umbo la 2D linasema idadi ya matabaka. Kwenye tabaka moja ni kilele kimoja chembamba, chenye upana wa chini kidogo ya 30 cm⁻¹. Kwenye matabaka mawili kinapanuka, na ndani yake kuna vilele vidogo vinne, kwa sababu bendi za elektroni (ngazi za nishati zinazoruhusiwa) zimegawanyika. Kadiri matabaka yanavyoongezeka umbo linasogelea lile la grafiti, na kupita matabaka matano tofauti inakuwa ngumu kuiona. Makala yale ni miongoni mwa yanayotajwa sana katika fizikia ya vitu vigumu, na yanastahili. Ila wengi wanaoyataja husahau mambo mawili. Kwanza, sampuli zilikuwa vipande vilivyobanduliwa kutoka kwenye grafiti bora, ambamo matabaka yamelaliana kwa mpangilio wake wa asili. Pili, idadi ya matabaka ilikuwa imethibitishwa kwa hadubini ya elektroni kabla Raman haijapewa neno. Yaani Raman ilifundishwa na shahidi mwingine, juu ya aina moja ya sampuli. Kuitumia kwa sampuli ya aina nyingine bila shahidi huyo ni hatua mpya inayodai uthibitisho wake.

Sasa tuje kwenye kosa linaloenea kuliko yote. Vilele vya D na G si mali ya grafini. Ni mali ya kaboni yoyote ambayo atomu zake zimefungamana kwa mtindo wa grafiti, hata kama ni kwa vipande vya nanometa chache: masizi, mkaa, kaboni ya amofasi (isiyo na mpangilio wa atomu), oksidi ya grafini, nyuzi za kaboni, mabaki ya plastiki iliyoungua. Zote huonyesha mikanda miwili mipana maeneo yale yale. Madaktari wamehubiri kwa miaka kwamba si kila homa ni malaria, na hapa mambo ni hayo hayo: D na G zinasema kuna kaboni iliyovurugika mahali hapo, basi. Ikumbukwe pia kwamba leza yenyewe, ikikazwa kwenye doa dogo, inaweza kuunguza dutu ya kikaboni na kuacha kaboni nyeusi nyuma yake. Mpimaji akikutana na mikanda hiyo baada ya kuongeza nguvu ya leza, swali la kwanza ni kama ameikuta au ameitengeneza.

Mwaka 2021 dunia iliona matokeo ya kutolijua hilo. Ripoti iliyotoka Hispania, ambayo haikupitia uhakiki wa jarida lolote la kisayansi, ilidai kwamba Raman imegundua grafini ndani ya chupa za chanjo za UVIKO-19, na ikasambaa kwa lugha nyingi kwa kasi ambayo masahihisho hayakuifikia kamwe. Ushahidi wake mkuu ulikuwa mikanda mipana kwenye maeneo ya D na G, iliyopatikana kwenye vitu vichache vilivyotafutwa kwa hadubini ndani ya matone. Watu wengi walijibu kwa kukejeli. Kejeli haikusaidia, kwa sababu haikueleza udhaifu uko wapi. Udhaifu ulikuwa mwepesi kuutaja: mikanda ile haitofautishi grafini na chembe ya vumbi lenye kaboni, na hakukuwa na mbinu ya pili iliyothibitisha jina. Ukweli usiofurahisha ni kwamba tasnia ya grafini haikuwa na mamlaka ya kimaadili ya kushangaa, maana baadhi ya wauzaji wake walikuwa wakitumia mantiki ile ile kuuza mifuko ya unga.

Mwaka 2018 kundi la watafiti lililomhusisha Antonio Castro Neto wa Singapore lilichapisha uchunguzi wa sampuli kutoka kampuni 60 za mabara mbalimbali zinazouza vipande vya grafini. Walitumia mbinu kadhaa kwa pamoja, Raman ikiwa mojawapo tu. Kwa kampuni nyingi, kiasi cha grafini halisi kilikuwa chini ya asilimia 10, na hakuna hata moja iliyovuka asilimia 50. Kilichobaki kilikuwa, kwa sehemu kubwa, grafiti iliyosagwa. Walioisoma habari hiyo kama kisa cha udanganyifu wa kibiashara waliona nusu yake. Nusu nyingine ni ya kipimo. Unga wa grafiti iliyosagwa vizuri unaweza kutoa mchoro wa Raman unaopendeza: G iliyochongoka, D kiasi, 2D ya kuonekana. Muuzaji mwaminifu kabisa anaweza kuuweka mchoro huo kwenye nyaraka zake akiamini anachouza.

Unga ndio unaoleta shida kubwa, na hapa nitakaa kidogo. Kwanza kuna suala la ukubwa. Doa la leza chini ya hadubini lina upana wa mikrometa moja hivi. Vipande vya grafini vilivyotengenezwa kwa kubandua grafiti ndani ya kimiminika mara nyingi ni vidogo kuliko doa hilo, kwa hiyo kila kipimo kinachanganya vipande vingi pamoja na kingo zake, na kingo hutoa D hata kama katikati ya kipande ni safi. D kubwa hapo haimaanishi lazima grafini mbovu. Huenda inamaanisha vipande vidogo. Pili kuna suala la kulaliana. Vipande vikikauka huangukiana ovyo, kila kimoja na pembe yake, na matabaka yaliyopishana pembe hivyo huacha kuzungumza kielektroniki kama yanavyofanya kwenye grafiti ya kawaida. Matokeo yake 2D hurudi kuwa kilele kimoja. Hapo yule anayeshika kanuni ya kilele kimoja kwa tabaka moja, bila kupima upana wake, anapotea: rundo la matabaka 20 yaliyolaliana ovyo linaweza kumwonyesha kilele kimoja. Upana unasaidia, kwa kuwa kwenye rundo kama hilo kilele huwa kipana zaidi ya kile cha tabaka moja, lakini si kila ripoti inautaja.

Tatu kuna suala la sampuli. Gramu moja ya grafini iliyotenganishwa kikamilifu ingekuwa na eneo la meta za mraba zipatazo 2,630 ukihesabu pande zote mbili. Ukipima madoa 1,000 yenye ukubwa wa mikrometa moja ya mraba kila moja, umegusa sehemu moja tu kati ya elfu moja za milimita moja ya mraba. Haina maana kwamba kipimo ni bure, kwa sababu takwimu hufanya kazi hata kwa sampuli ndogo, ila zinafanya kazi pale tu madoa yanapochaguliwa bila upendeleo. Mtu akitafuta kwa macho kipande kinachoonekana chembamba, akakipima, kisha akauweka mchoro huo kama sura ya mfuko mzima, amefanya kile ambacho mpiga picha wa matangazo hulipwa kukifanya.

Na juu ya hayo yote kuna ufafanuzi wenyewe. Viwango vya kimataifa vya istilahi, ISO/TS 80004-13 vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2017, vinasema grafini ni tabaka moja, kisha vinatambua grafini ya matabaka mawili, na grafini ya matabaka machache kuanzia 3 hadi 10. Soko limeshika ile 10. Raman ya kawaida, kama tulivyoona, inaanza kupofuka kwenye 5. Katikati ya namba hizo mbili kuna eneo pana la biashara ambalo mchoro wa G na 2D hauwezi kulisimamia, hata mtumiaji akiwa stadi. Kuna ishara ya kuteleza kwa matabaka, chini ya 45 cm⁻¹, ambayo huhesabu matabaka kwa ubora zaidi. Inahitaji vichujio maalumu karibu kabisa na mstari wa leza, na kifaa cha mkononi hakina.

Vifaa vya mkononi vina tatizo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Vingi hutumia leza ya nanometa 785 ili kukwepa mng'ao wa dutu nyingine, uamuzi wa busara kabisa kwa dawa. Kwa leza hiyo, mwanga wa kilele cha 2D hutoka ukiwa na urefu wa wimbi unaokaribia nanometa 1,000, mahali ambapo vipokezi vya silikoni vimeshachoka, na baadhi ya vifaa husimamisha kipimo kabla ya 2500 cm⁻¹. Maana yake kilele chenye habari nyingi kuliko vyote kinaweza kuwa nje ya dirisha au kuzama kwenye kelele. Kifaa kinabaki na D na G peke yake, yaani zile ishara mbili ambazo masizi pia yanazo, kisha kinatoa jina. Hata namba ya ulinganifu inayoandamana na jina husomwa vibaya. Kwa kawaida namba hiyo inapima jinsi umbo la mchoro linavyofanana na umbo lililohifadhiwa kwenye maktaba. Ulinganifu wa 0.95 si uwezekano wa asilimia 95. Kama maktaba ina grafini na grafiti lakini haina masizi, masizi yataitwa mojawapo ya hayo mawili, na yataitwa kwa alama nzuri.

Turudi kwenye uwiano wa D na G, namba inayopendwa kuliko zote kwa sababu inaonekana kama alama ya mtihani: ndogo ni nzuri, kubwa ni mbaya. Mizizi yake ni ya mwaka 1970, Tuinstra na Koenig walipoonyesha kwamba uwiano huo hupanda kadiri chembe za grafiti zinavyokuwa ndogo. Baadaye watafiti walipiga grafini kwa ioni za arigoni, wakihesabu kasoro walizozitengeneza, wakaona mkunjo ambao kanuni ya mwanzo haikuwa nao. Uwiano hupanda kasoro zinapoongezeka, hufika kilele wastani wa umbali baina ya kasoro unapokuwa nanometa tatu au nne hivi, kisha hushuka, kwa sababu pembesita zenyewe zimeanza kuvunjika. Kwa leza ya kijani, uwiano wa 1 unaweza kumaanisha kasoro zilizoachana kwa nanometa kama 10, au zilizoachana kwa nanometa kama 1. Ya kwanza ni grafini yenye madoa. Ya pili ni kaboni iliyokaribia kuwa amofasi. Kinachozitenganisha ni upana wa vilele na hali ya 2D, ambayo kwenye ile ya pili huwa imefifia. Ripoti inayotaja uwiano bila upana imekuachia majibu mawili yanayopingana na kukuomba uchague unalolipenda.

Isitoshe, uwiano huo unategemea leza. Kwa mwanga unaoonekana hukua takriban kwa nguvu ya nne ya urefu wa wimbi. Sampuli ile ile, bila kuguswa, ikipimwa kwa nanometa 633 badala ya 514 huonekana kuwa mbaya mara 2.3. Kilele cha D nacho huhama, takriban 50 cm⁻¹ kwa kila elektronivolti ya nishati ya leza, kiasi kwamba kwa 785 kinakaa karibu na 1310 badala ya 1350. Unene wa tabaka la oksidi lililo chini ya sampuli nao hubadilisha urefu wa vilele kwa mwingiliano wa mwanga. Hizo ndizo sifa za chombo chenye hisia kali. Chombo kisichobadilika kwa lolote hakina la kukwambia.

Wapo wanaotetea matumizi ya sasa, na hoja zao si za kutupwa. Wanasema kiwanda hakiwezi kusubiri wiki nzima majibu ya hadubini ya elektroni kwa kila mzigo. Kwamba Raman haiharibu sampuli, haihitaji ombwe, inapima ndani ya sekunde. Na kwamba ulinganisho wa mzigo wa leo na wa jana, kwa leza ile ile na kifaa kile kile, hugundua mabadiliko ya uzalishaji hata kama jina la kitu lina utata. Nakubali yote hayo. Kulinganisha bidhaa yako na bidhaa yako ni matumizi safi ya Raman, kwa sababu vigezo vyote vinavyopotosha vimeshikiliwa mahali pamoja. Hoja inayovunjika ni ile inayoruka kutoka hapo na kusema kwamba kwa kuwa kipimo kinarudiwa vilevile kila siku, basi kinathibitisha jina. Kurudiwa si kuthibitishwa. Masizi ya kiwanda kimoja nayo yatatoa mchoro ule ule kila asubuhi.

Upande wa pili wapo waliokata tamaa, wanaosema Raman ya unga iachwe kabisa na hadubini zichukue nafasi. Hawa nao hawajahesabu gharama za wanachokipendekeza. Hadubini ya elektroni huona eneo dogo zaidi, na mwale wake ukiwa na nishati kubwa huibandua kaboni wakati wa kupima. Hadubini ya nguvu za atomu inapaswa kusoma unene wa nanometa 0.34 kwa tabaka moja, lakini maji yaliyonaswa chini yake na tofauti za mgusano huifanya isome karibu 1, na hapo kuhesabu matabaka kunakuwa kukisia. Hakuna mbinu moja isiyo na upofu. Ndiyo maana waraka wa ISO/TS 21356-1 wa mwaka 2021, unaohusu unga na vimiminika vyenye grafini, unaweka Raman mwanzoni kama kichujio cha haraka, kisha unadai hadubini na kipimo cha eneo la uso kabla ya kutoa namba za matabaka na ukubwa. Raman hapo inafanya kazi inayoifaa.

Na tukishaiondolea mzigo wa kutoa vyeti, tunaona ilivyo tajiri. Grafini ikivutwa, G na 2D hushuka pamoja. Ikiongezewa chaji, G hupanda na kuwa nyembamba huku 2D ikipungua urefu. Kwa muda mrefu athari hizo mbili zilichanganyikana, kwa sababu G iliyohama inaweza kuwa imehamishwa na lolote kati yake. Mwaka 2012 watafiti wa Korea Kusini walipendekeza kuchora nafasi ya 2D dhidi ya nafasi ya G kwa kila doa. Mvuto husogeza nukta kwenye mstari wenye mteremko wa takriban 2.2, na chaji chanya kwenye mstari wenye mteremko wa takriban 0.7. Kwa kuwa mistari miwili haielekei upande mmoja, kila nukta inaweza kugawanywa kuwa kiasi hiki ni mvuto na kiasi kile ni chaji. Ukipima maelfu ya madoa juu ya karatasi moja ya grafini, unapata ramani mbili: mahali ilipokunjamana, na mahali ilipoibiwa au kupewa elektroni na kitu kilicho chini yake. Chombo gani kingine kinatoa hayo kwa mwanga tu, kupitia kioo, bila kuunganisha waya hata mmoja? Mtengenezaji wa transista anayataka sana majibu hayo. Anayeishia kuuliza jina hayapati kamwe, ingawa yamo kwenye data zake.

Kutokana na hayo, nadhani madai ya msingi ya ripoti yoyote ya Raman ya grafini yanapaswa kubadilika, na si magumu. Urefu wa wimbi wa leza na nguvu yake kwenye doa vitajwe. 2D ioneshwe, na kama kifaa hakiioni lisemwe. Upana wa vilele uandikwe pembeni mwa uwiano. Mgawanyo wa madoa mengi utolewe badala ya mchoro mmoja wa mfano. Mkataba unaosema uwiano wa D na G usizidi 0.3 bila kutaja leza ni kesi inayosubiri mahakama: muuzaji atapima kwa 488 na kupita, mnunuzi atapima kwa 785 na kuukataa mzigo, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Wahariri wa majarida wanaweza kulimaliza tatizo hili upande wao kwa mstari mmoja wa masharti. Watengenezaji wa vifaa wana kazi ngumu zaidi, kwa sababu mteja anapenda jina na hapendi kuambiwa kwamba kaboni iliyovurugika imeonekana lakini aina yake haiwezi kutenganishwa kwa kipimo hiki. Jibu hilo lipo ndani ya uwezo wa programu zao leo. Halitolewi kwa sababu halivutii.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mifumo ya kujifunza kwa mashine inayolishwa spektra (michoro ya Raman) zilizokwisha kuchapishwa ili itambue grafini yenyewe. Majina yaliyobandikwa kwenye spektra hizo yalitoka kwa waandishi wake, na waandishi wengi waliyapata kwa mchoro ule ule mmoja bila shahidi wa pili. Mfumo utajifunza kwa ufasaha ni michoro gani watu wameizoea kuiita grafini. Kisha utapimwa kwa spektra nyingine zenye majina ya aina hiyo hiyo na kupata alama za juu, na hakuna mahali popote katika mzunguko huo ambapo mtu atakuwa amehesabu matabaka.